Kura ya Bi Somoe

Adila alikuwa anashona sare za shule, kichwa kimeinamia cherehani, mama yake alipomwambia kuwa naye atakwenda mahakamani kutoa ushahidi. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema atapitia dukani kununua chumvi, huku akijifuta matope miguuni kwa upindo wa kanga kuukuu. Mguu wa Adila ukaganda kwenye kanyagio, na sindano ikasimama katikati ya mfuko wa shati.

"Ushahidi wa nani, mama?"

"Wa Sufiani. Amekuja jana na yule wakili wake wa kike, wakaniuliza kama nitakubali kuyasema mbele ya hakimu yaliyonipata siku ile. Nimewaambia nitakubali."

"Mama, kesi ile imemtaja Baba Hajra."

"Najua imemtaja nani," alisema Bi Somoe, akaendelea kujifuta matope.

Baba Hajra alikuwa Abdillah, mume wa Adila, na kesi ile ilikuwa ya kupinga ushindi wake. Tangu Novemba alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Kitambwe, kitongoji kidogo kilichopo kushoto ukishapita Makurunge kuelekea Saadani. Kitambwe kimegawanyika pande mbili. Upande wa barabarani kuna shule, msikiti, maduka mawili matatu na mashamba ya mananasi. Upande wa pili, unaoitwa Ng'ambo, kuna wavuvi na wanawake wanaoanika dagaa na uduvi. Katikati umepita mkono wa bahari wenye mikoko. Maji yakijaa, Ng'ambo inakuwa kisiwa. Yakipwa, watu wanakunja nguo magotini na kuvuka kwa miguu. Bi Somoe alizaliwa Ng'ambo, akaolewa Ng'ambo, akafiwa na mumewe Ng'ambo, na kila Adila alipomsihi ahamie kwake, alijibu kuwa akilala mbali na harufu ya dagaa hapati usingizi.

Siku ya uchaguzi ilikuwa hivi. Watu walitangaziwa kuwa kura zitapigwa shuleni mpaka saa kumi jioni. Wanaume wa Ng'ambo walivuka alfajiri, kabla maji hayajaanza kujaa. Wanawake walibaki, kwa sababu dagaa wa usiku ule walikuwa wengi na jua halimsubiri mtu. Walipomaliza kuanika, maji yalikuwa yamefika kifuani. Hawakubabaika. Walizoea kusubiri yapwe, na saa kumi ilikuwa mbali. Wakaoga, wakavaa, wakatia udi kwenye kanga zao kama wanaokwenda harusini, na maji yalipopungua wakavuka, Bi Somoe akishikwa mikono huku na huku kwa ajili ya goti lake. Kufika shuleni, wakakuta mlango umefungwa na masanduku yamekwisha kumwagwa mezani. Kura zilikuwa zinahesabiwa. Karani mmoja akachungulia dirishani akawaambia foleni iliisha mapema, zoezi limefungwa, warudi nyumbani.

Abdillah alitangazwa mshindi kwa kura chache sana dhidi ya Sufiani, mvuvi wa Ng'ambo waliyesoma naye darasa moja. Jioni ile Adila alipika pilau la kulisha mtaa mzima. Mama yake hakuja. Adila alidhani ni goti, akamwekea chakula kwenye hotipoti, akampelekea kesho yake. Bi Somoe akala, akamsifia mkono wake, wala hakusema neno juu ya kura. Adila naye hakuuliza. Baadaye, alipokuja kuyafikiria yale, hilo ndilo lililomchoma: kwamba hakuuliza.

"Unamshtaki mkweo, mama," alisema sasa, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Simshtaki mtu. Nimeulizwa nini kilinipata, na mimi najua kilichonipata." Bi Somoe akajiinua kwa kushika meza ya cherehani. "Malizia shati la watu. Umeliacha mfuko unaning'inia."

*

Adila alimweleza mumewe jioni, alipokwisha kula, kwa sababu hakutaka kumharibia chakula. Abdillah alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima wa mananasi mwenye viganja vilivyochanika kwa miba ya majani yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono taratibu, ingawa alikuwa amekwisha kunawa.

"Mama amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Abdillah aliinuka. Alitoka akaenda kukaa kwenye guta lake, lile la injini analobebea mananasi kwenda mjini Bagamoyo, akakaa juu ya bodi tupu ameipa nyumba mgongo.

Adila alijua ni nini kilichomuuma, na hakikuwa cheo. Abdillah alifiwa na mama yake akiwa bado mchanga. Alipokuja kuposa hakuwa na nyumba wala shamba la kueleweka, na wajomba wa Adila walimkataa waziwazi. Bi Somoe ndiye aliyewanyamazisha. Na mwaka alioshikwa na homa ya matumbo akakonda akawa kama ufito, ni Bi Somoe aliyevuka maji kila siku na kibakuli cha uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamuogesha na kumbadilisha shuka bila kuona haya. Tangu hapo Abdillah hakumwita mkwe. Alimwita mama, na alilitamka neno hilo kama mtu aliyelikosa muda mrefu.

Habari haikukaa. Kabla ya Ijumaa watu waliompigia Abdillah kampeni walikuwa barazani kwake, na msemaji wao alikuwa Mikidadi, mwenye duka.

"Mwenyekiti, hili ni jambo la nyumbani kwako," alisema Mikidadi. "Mkataze mkeo kwenda Ng'ambo mpaka kesi iishe. Yule bibi akikosa wa kumletea sukari na mafuta, atakumbuka kuwa ana goti bovu lisiloweza safari za mahakamani."

Adila alikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa mikononi. Alisimama pale pale. Aliogopa jibu.

"Yule bibi ni mama yangu," alisema Abdillah. "Na sukari yake nitampelekea mwenyewe. Karibuni kahawa."

Kahawa ikanywewa, na wageni wakaondoka mapema.

Siku ya pili, maji yalipopwa, Abdillah alivuka kweli, mfuko wa sukari begani, Adila nyuma yake. Walimkuta Bi Somoe amekaa kwenye jamvi anachambua uduvi, anatoa vijiti na majani yaliyoingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mguu huo umekanyaga nini, mbona unachechemea?"

"Chaza." Alikaa. Akachukua kiganja cha uduvi naye akaanza kuchambua. Halafu akasema, bila kumtazama, "Mama, kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Bi Somoe aliacha kuchambua.

"Ningekuambia, ungeniomba ninyamaze. Na mimi ningenyamaza, kwa sababu sijawahi kukunyima kitu ulichoniomba. Ndiyo maana sikukuambia."

Abdillah aliinamisha kichwa. Adila akageukia dagaa walioanikwa, akajifanya anafukuza kuku.

"Nilivaa kanga mpya siku ile," mama yake aliendelea, kwa sauti ya chini. "Nimepiga kura tangu ujana wangu, na kila mara navaa nguo safi. Siku ile mtu aliniambia kupitia dirishani nirudi nyumbani. Hakuniuliza hata jina. Nimekuwa nikiliwaza dirisha lile mpaka leo. Halikuwa lako wewe, mwanangu, lakini siwezi kusema halikuwapo."

Waliondoka maji yakianza kurudi. Walipofika nchi kavu alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya njiani, akaushika mpaka nyumbani.

*

Kesi ilisikilizwa baada ya Idi, katikati ya masika. Sufiani alikuwa amekodi gari la kuwachukua mashahidi kuwapeleka Bagamoyo, lakini mvua ilinyesha tangu usiku, na asubuhi dereva akapiga simu kwamba amekwama kwenye tope na hawezi kufika. Mashahidi wengine wakadandia bodaboda. Bi Somoe, kwa goti lile, hakuweza kupanda. Alikuwa amesimama chini ya paa la duka, kavaa baibui lake jeusi lililopigwa pasi, mkoba kwapani, anaitazama mvua.

Adila alikuwa naye, amemshikia mwavuli, na alichokuwa akiomba moyoni alikionea aibu. Alikuwa akiomba mvua isikome.

Guta la Abdillah likatokea kwenye kona, linamwaga maji pande zote. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe la sherehe chini ya koti la mvua, kwa kuwa naye aliitwa mahakamani siku ile. Ndani ya bodi alikuwa amefunga kiti cha mbao kwa kamba, akatandika godoro la Hajra chini yake, na juu akavuta turubai la kufunikia mananasi.

"Panda, mama," alisema.

Mikidadi alitoka mpaka mlangoni.

"Mwenyekiti! Unampeleka mwenyewe?"

"Kuna gari lingine?" Abdillah aliuliza. Halikuwapo. Akamuinua mkwewe kama anavyoinua kikapu cha mananasi mabivu, kwa uangalifu, akamkalisha kwenye kiti na kumfunika miguu. Adila akapanda akakaa kwenye godoro. Wakaenda hivyo, kwenye ile mvua, mshtakiwa akiendesha na shahidi wa upande wa pili akiwa nyuma yake amekaa kitini kama bibi harusi. Walipofika mahali penye lami Bi Somoe akagonga bodi kwa fimbo.

"Punguza mwendo! Unataka nife kabla sijasema?"

Adila alicheka mpaka machozi yakamtoka. Abdillah hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko Adila alivyokiwaza. Kilikuwa na mabenchi, feni isiyozunguka, na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya mvua. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyeandika kila kitu kwa mkono wake, hivyo kila shahidi alilazimika kusema kidogo, kusubiri, na kusema tena. Abdillah alikaa benchi la mbele upande wa wajibu maombi, pamoja na wakili wa serikali aliyekuwa akiutetea uchaguzi. Sufiani alikaa upande wa pili na Wakili Shufaa, yule wakili wake wa kike kutoka msaada wa kisheria. Adila alisita mlangoni asijue akae upande gani. Mwishowe alikaa nyuma kabisa, katikati.

Bi Somoe alipewa Msahafu akaapa. Hakimu akaagiza aletewe kiti.

"Naweza kusimama, mheshimiwa."

"Najua unaweza, mama. Kaa tu."

Wakili Shufaa alimuongoza taratibu. Bi Somoe alieleza dagaa, maji, kanga, dirisha. Alieleza kwamba baada ya kuambiwa warudi, wenzake waliondoka, yeye goti likamzuia, akakaa kwenye kibaraza cha shule kupumzika. Alikuwa amekaa pale kitambo, adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikitini. Akatia udhu kwa maji ya mtungi wa shule, akaswali pale pale kwenye kibaraza. Kalamu ya hakimu ilisimama.

"Adhana ilikukuta umekwisha kuambiwa zoezi limefungwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kitambo."

Msimamizi wa kituo alikuwa amekwisha kusema asubuhi ile kwamba alifunga mlango saa kumi kamili. Na alasiri, kwa majira yale, huadhiniwa kabla ya saa kumi. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na mashahidi wengine wa Ng'ambo walikuwa wameeleza vivyo hivyo. Hakimu aliandika, akafungua ukurasa mwingine.

Wakili wa serikali alisimama. Hakuwa mkali. Alimsalimia shikamoo kwanza.

"Mama, yule aliyekaa pale unamfahamu?"

"Ni mume wa mwanangu. Ni mwanangu."

"Mmegombana?"

"Hatujawahi."

"Basi nisaidie kuelewa. Kama ungeingia ndani siku ile, ungempigia nani kura?"

Adila aliona mkono wa mumewe unakamata ukingo wa benchi. Bi Somoe alifungua mdomo, lakini hakimu aliinua kalamu.

"Usijibu, mama. Kura yako ni siri yako, hata humu ndani. Hata kwangu." Akamgeukia wakili. "Mheshimiwa wakili, hilo hatuliulizi. Tunauliza kama alipata nafasi ya kuipiga. Endelea."

Wakili akainamisha kichwa, akasema hana swali jingine. Bi Somoe alibaki ameketi kidogo, anamtazama yule mwanamke mwenye miwani. Adila alimfahamu mama yake. Aliujua uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango.

Mchana aliitwa Abdillah. Alijibu kwa kifupi kama kawaida yake. Hakuwaagiza karani wala msimamizi. Hakujua kwa nini walifunga. Kisha Wakili Shufaa akamuuliza kama aliwaona wanawake wa Ng'ambo wakifika.

Mvua ilikuwa imepungua, na matone yalisikika yakidondoka kutoka kwenye paa.

"Niliwaona," alisema Abdillah. "Nilikuwa nje, kwenye kivuli cha darasa. Niliwaona wanakuja na niliwaona wanaondoka. Nilijiambia wamechelewa. Sikutazama saa, mheshimiwa. Nadhani sikutaka kuitazama."

Wakati wa kurudi, Bi Somoe alisinzia kitini, na Adila akamshikilia kiuno asidondoke. Abdillah aliendesha polepole kote njiani, hata palipokuwa na lami.

*

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye, siku ya jua. Safari hii Ng'ambo nzima ilikuja, na nusu ya upande wa barabarani. Hakimu alisoma kwa Kiswahili rahisi, bila haraka. Alisema hakuna aliyethibitisha kwamba mjibu maombi alifanya hila. Alisema lakini kituo kilifungwa kabla ya saa iliyotangazwa, na waliokosa kupiga kura ni wengi kuliko tofauti ya kura kati ya wagombea wawili. Basi hapakuwa na mtu awezaye kusema kwa hakika wananchi wa Kitambwe walimtaka nani.

"Mahakama haina kazi ya kuwachagulia watu kiongozi," alisema, na akavua miwani. "Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wao wenyewe ndio wanaochagua. Uchaguzi huu umebatilishwa. Urudiwe."

Sufiani alijifunika uso kwa mikono. Nje, wanawake wa Ng'ambo walipiga vigelegele, na Mikidadi akapita kando yao akitema mate. Adila alimtafuta mumewe, akamkuta amesimama peke yake kwenye ngazi, shati lake jeupe limelowa jasho mgongoni.

"Kwa hiyo mimi si mwenyekiti tena," alisema.

"Si mwenyekiti tena."

"Nitagombea tena, Mama Hajra. Nataka kujua." Alisema hivyo kwa ukaidi kidogo, kama kijana. "Mimi pia nataka kujua."

Aligombea. Alivuka Ng'ambo akafanya mkutano wake kule, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya, akaulizwa maswali magumu juu ya kisima na njia ya wajawazito maji yakijaa. Mengine alikosa jibu akasema hajui. Siku ya kura, karani mwingine alikaa mlangoni mpaka saa kumi, na ilipotimu akatoka nje kutazama njia huku na huku kama kuna anayekuja, ndipo akafunga. Wanawake wa Ng'ambo walikuwa wamekwisha kuja na kuondoka. Bi Somoe aliingia kwenye kile kibanda cha siri akakaa humo muda mrefu hata watu wa foleni wakaanza kuguna. Alipotoka alikuwa anatabasamu, kidole kimoja kina wino, amekinyoosha kana kwamba ni kidonda.

Abdillah alishindwa. Ni kura chache tu, hazikufika ishirini, lakini alishindwa. Alimpa Sufiani mkono mbele ya watu, akamwambia hongera na sauti haikumvunjika. Kisha akaenda shambani kwake, na tangu siku ile akawa anaondoka mapema na kurudi jua likizama. Adila hakumsumbua. Alimpelekea chakula, akakaa naye akila, akarudi na vyombo.

Ikafika siku akamkuta mama yake huko. Haijulikani alifikaje, inaelekea alidandia trekta la watu. Alikuwa amekaa juu ya gunia mwanzo wa tuta, na Abdillah amesimama mbele yake na jembe mkononi, hajui aliweke wapi.

"Umekasirika na mimi," Bi Somoe alikuwa akisema.

"Hapana, mama."

"Basi umekasirika na nani? Maana mimi umenikimbia. Sukari unamtuma mkeo."

Abdillah aliketi chini, pale pale kwenye udongo.

"Nina aibu," alisema. "Miezi yote ile nilikaa kwenye kiti cha watu. Walinisalimia mwenyekiti, nikaitika."

Bi Somoe alinyoosha mkono akamtoa jani lililonasa kwenye nywele zake, akalitupa.

"Kura yangu nilikupa wewe," alisema.

Abdillah aliinua uso.

"Nilikupa wewe juzi, na ningekupa wewe ile Novemba. Sikuwahi kuwaza mwingine. Sufiani ni mtu mwema, lakini wewe ni mwanangu na nakujua." Alivuta pumzi. "Ila ilikuwa lazima niwe nayo kwanza, ndipo nikupe. Mtu hawezi kutoa kitu alichonyang'anywa. Unanielewa?"

Adila, aliyekuwa amesimama na sufuria kichwani, aliona mumewe anajikunja polepole mpaka paji la uso likagusa goti la mama yake, lile bovu. Mabega yalimtetemeka, na safari hii hakuwa anacheka. Bi Somoe akaweka kiganja kisogoni kwake akakiacha hapo. Adila alitua sufuria chini, akaketi upande wa pili, wakakaa hivyo mpaka chakula kilipopoa.

Mkutano wa kwanza wa Sufiani ulifanyika Ng'ambo, maji yakiwa yamepwa. Abdillah alikwenda. Alisimama nyuma na wanaume wengine, na ulipofika wakati wa maswali akanyoosha mkono. Sufiani alisita, kisha akampa nafasi.

"Mimi nina ombi," alisema Abdillah. "Kitongoji kiandike kuomba kwamba uchaguzi ujao, kituo kimoja cha kura kiwe huku Ng'ambo. Watu wasisubiri maji ndipo wahesabiwe."

Mwanamke mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. "Tuliandike hili leo leo," alisema Sufiani, "na wewe ndugu yangu uje ukae hapa mbele utusaidie maneno." Abdillah alipita katikati ya watu akaketi kwenye jamvi.

Bi Somoe alimsogelea Adila sikioni.

"Kumbe anajua kusema," alinong'ona. "Kwenye kampeni alikuwa anababaika tu."

"Mama!"

"Kweli. Kura nilimpa, lakini alikuwa anababaika."

Adila akamziba mdomo kwa upindo wa kanga yake, wakacheka wote wawili wakitikisana mabega, hata wanawake waliokaa mbele wakageuka kuwaambia wanyamaze, mkutano unaendelea.